Nilivifundisha Vijisanduku Kuamkiana, Daraja Likaenda na Maji

Leo siwasalimu, wasomaji wa gazeti hili. Mtanisamehe. Salamu ndiyo iliyonifikisha hapa, na nimeapa kwamba kuanzia sasa habari mbaya itatangulia, yambo itafuata nyuma kama mbuzi anayevutwa kamba.

Habari mbaya ni hii: mimi ndiye niliyeviua vile vijisanduku vya mtoni. Si mvua. Si majini. Na si yule mama enjeniya ambaye mmemsema sokoni mpaka jina lake likaota kutu. Ni mimi! Mimi mnayeniita shujaa! Mimi niliyepewa mke kwa sababu ya ushujaa huo! Jamani, aibu ina uzito. Ingekuwa gunia la mchele, pikipiki yangu isingepanda nayo kilima hata kimoja.

Majina nimeyabadilisha. Mto sitautaja. Uko mahali fulani kati ya Kasongo na Kabambare, na nikiutaja tu, mpaka watoto wa kule Wamaza watajua nani ameandika.

Mto wetu ni mnafiki. Darajani jua linawaka, vipepeo wa manjano wamekaa kwenye matope wakinywa, akina mama wanasuuza mihogo na kucheka. Kumbe kule juu milimani mvua imekwisha kumwaga tangu alfajiri. Maji yanashuka kimyakimya chini ya miti, halafu yanatokea kwenye kona kama ng'ombe aliyekata kamba. Daraja lenyewe lilikuwa la magogo, limefungwa kwa waya na kwa dua. Watu wamekwisha kuchukuliwa hapo. Nisiwafiche.

Ndiyo maana Enjeniya Feza alikuja. Ni binti wa kwetu Kasongo, wa familia ya wakulima. Alikwenda kusoma mbali, akarudi na vijisanduku kila kimoja ukubwa wa kopo la maziwa. Ndani mna betri, na ulimi mdogo wa kusema hewani bila waya. Nje unaning'inia uzi mmoja unaogusa maji na kuyapima. Alivifunga kwenye miti kandokando ya mto, kutoka darajani mpaka juu milimani, kila kimoja kikiweza kuwasikia majirani zake tu.

Siku ya kwanza nilimwuliza, "Enjeniya, chifu wao ni gani?"

"Hapana chifu."

"Hapana chifu? Sasa nani anaviamuru?"

"Hapana mutu. Kila moja inajua jirani yake, basi. Moja ikikufa, wenzake wanapitisha neno pembeni. Ukiweka chifu, siku chifu anakufa, wote wamekufa."

Haikuniingia. Mimi nimekulia mahali ambapo hata watoto wakicheza mpira wa matambara wanaanza kwa kuchagua prezida na makamu wake.

Akanieleza jambo la pili, na hili ningelichanja kifuani kama dawa. Kupima maji, alisema, hakuchokeshi betri. Kinachokula nguvu ni kusema. Na kusikiliza nako kunakula, karibu sawasawa na kusema. Msitu wetu ni mzito, jua halifiki chini, kwa hiyo betri ikiisha hakuna wa kuijaza. Ndiyo maana vijisanduku vinalala muda mrefu. Kimoja kinaamka, kinagusa maji. Yakiwa hayakubadilika, kinalala tena. Kikimsikia jirani amekwisha kulisema neno lilelile, kinanyamaza.

"Hiyo ndiyo adabu yao," Feza alisema. "Kunyamaza."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ole wangu!

Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Nilikaa kwenye kibanda cha nyasi kando ya daraja, na kompyuta ndogo iliyoungwa na kijisanduku cha mwisho. Juu ya nguzo ilining'inia rimu ya lori. Namba ikipita mstari mwekundu, napiga rimu, pikipiki zote zinasimama. Kwa kuwa nilisoma kidogo mambo ya kompyuta, Feza alinionyesha pia jinsi ya kuvibadilishia maagizo: unakiambia kijisanduku cha darajani, nacho kinamwambia jirani, jirani anamwambia jirani, mpaka milimani, kama uvumi wa ndoa. Alinionyesha akiwa ameinua kidole.

"Lakini usiguse kama sipo."

Halafu akaenda Salamabila, ambako wachimbaji walitaka kupimiwa maji ya mashimo yao. Nikabaki mimi na mto. Na Zaina.

Zaina anakaa ng'ambo. Baba yake, Muzee Saidi, anauza vitambaa na mchele, na ana fimbo ya mpingo ambayo hugonga chini kila anapomaliza neno. Familia yake ilikuwa imekwisha kunihesabu kuwa mtovu wa adabu. Sababu? Siku moja nilimpita njiani juu ya pikipiki, nikapunga mkono na kusema "Yambo, baba!" bila kushuka. Kwetu unashuka, wasomaji. Unazima injini, unashuka, unasalimu, unauliza habari ya nyumba, ya watoto, ya shamba, na ya ule mguu uliokuwa unauma mwaka jana. Mimi nilimwachia moshi.

Basi nilipopeleka posa, hawakunijibu. Walimtuma Shangazi Mwamini aje kunichungulia.

Shangazi Mwamini, dada yake Muzee, ni mama mnene wa sauti nene, amefunga kitambaa kichwani kama mnara wa msikiti. Alipofika kibandani nilisimama, nikainama, nikamwuliza habari ya kila kiumbe katika ukoo wake. Akalainika kidogo. Akakaa kwenye kigoda changu, akaelekeza kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Na hii ni nini inaandika?"

"Ni vijisanduku, shangazi. Vinasemezana."

"Soma basi."

Nikasoma. "Arobaini. Arobaini. Arobaini na moja."

Akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Na yambo yao iko wapi?"

"Hapana, shangazi, ni mashini tu..."

"Vinaamuka asubui vinasema namba? Hata 'umelala namna gani' hapana? Aka! Sasa minaelewa. Mutu anaishi na vitu haina adabu, naye anakuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana ulimupita kaka yangu kama mbuzi inapita mosikiti!"

Akaondoka. Hakuniaga vizuri. Nilikaa nikiangalia namba zile tupu, na kwa mara ya kwanza zikaonekana machoni pangu kweli kama watoto waliokosa malezi.

Mchana ule ule nikafungua maagizo.

Mwanzoni nilitaka kidogo tu, kila kijisanduku kianze kwa YAMBO. Lakini mtu mwenye heshima hajibiwi kimya, basi nikaweka jibu. Baada ya jibu kuna habari ya nyumba. Nikaiweka. Habari ya watoto, habari ya shamba. Nikaona si vizuri mdogo amwamkie mkubwa kwa pamoja na wengine kama kundi la kuku, nikavipanga kwa umri: kilichofungwa kwanza ni mkubwa. Nikaweka sheria kwamba mdogo halali mpaka mkubwa amemaliza kusema. Na kile cha juu kabisa milimani, ambacho Feza alikifunga kabla ya vyote, nikakipa jina la Babu, na kila kijisanduku kikatakiwa kumwamkia kikiamka.

Feza alisema hakuna chifu. Mimi nikaweka chifu, na mabalozi wake, na foleni mlangoni!

Kilichobaki ni habari ya maji yenyewe. Niiweke wapi? Mnajua wenyewe desturi yetu. Nyumba inaweza kuwa inaungua nyuma ya mgongo wako, ukiulizwa habari, unajibu "Muzuri tu." Halafu, baada ya muda wa heshima, unaongeza "Lakini..." na hapo ndipo moshi unapotajwa. Basi nikaandika hivyo hivyo: MUZURI TU. LAKINI, na baada ya hapo namba ya maji. Kila mara, maji yakiwa juu au chini.

Nikakiambia kijisanduku cha darajani. Kabla mihogo ya mama mmoja haijamaliza kusuuzwa, mto mzima ulikuwa unaamkiana.

Jamani, ilikuwa nzuri! Nitasema ukweli wote, na ukweli ni kwamba ilikuwa nzuri. Kioo kiliteremsha salamu kama mvua ya masika: Yambo, mukubwa. Yambo, mudogo. Habari ya nyumba? Muzuri tu. Habari ya shamba? Niliwaza miti ile mirefu gizani mwa msitu, kila mmoja na mtoto wake mgongoni, ikiulizana hali kutoka kilima hadi kilima. Nilihisi nimeupa msitu moyo.

Shangazi Mwamini aliitwa aje aone. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata, machozi yakamlenga.

"Sasa ndiyo watu!" akasema. "Huyu anaitwa Babu? Angalia namna wanamuheshimu! Eh, bwana mudogo, kumbe uko na malezi!"

Akawa anakuja kila wiki. Alileta ndizi, akakaa kigodani, akawasikiliza "watoto wake". Akauliza mbona kimoja cha katikati hakiulizi habari ya shamba siku hizi. Nikasema labda kimechoka. Kilikuwa kimekufa, wasomaji! Ndicho kilichobeba salamu za wote kwenda kwa Babu na majibu ya Babu kurudi kwa wote. Wenzake wakampita pembeni, kama Feza alivyowafundisha, na kila aliyempita akabeba mzigo ule ule akafa vilevile.

Feza alipiga simu kutoka Salamabila.

"Habari ya vijisanduku?"

"Muzuri tu," nikasema.

Ile "lakini" ilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza.

Basi ikafika siku ya jibu la posa. Muzee Saidi mwenyewe alisema atavuka aje kwa baba yangu, yeye na dada yake. Jua lilikuwa kali, vipepeo kwenye matope, kila kitu kimeoshwa na kupambwa. Nilivaa shati jeupe. Shangazi Mwamini alivuka kwanza juu ya pikipiki ya kukodi, akashuka, akaja moja kwa moja kibandani kuwasalimia watoto wake.

Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja, kutoka kwa Babu, umepitishwa na wachache waliobaki hai:

MUZURI TU. LAKINI

Basi. Baada ya hapo kioo cheupe.

Nikangoja. Mtanicheka, lakini niliingoja kwa heshima. Kwetu mtu akisema "lakini", humharakishi. Unamwachia ameze mate. Shangazi naye akangoja, mikono amekunja mapajani.

"Anatafuta maneno, maskini," akasema. "Ni muzee."

Wakati huo Muzee Saidi alikuwa ameingia darajani. Aliiacha pikipiki ng'ambo, akaja kwa miguu na fimbo yake, kanzu nyeupe inang'aa. Akafika katikati ya magogo, akaniona nimesimama mlangoni mwa kibanda. Na akasimama. Alikuwa ananijaribu! Alitaka kuona kama yule mtoto wa moshi amejifunza.

"Yambo, mutoto!" Fimbo ikagonga gogo.

"Yambo, baba!"

"Habari ya nyumba?"

"Muzuri tu, baba!"

"Baba yako ameamuka?"

"Ameamuka, baba!"

"Na mama? Na shamba?"

Hapo nikaona maji. Kwenye kona, nyuma ya bega lake, ukuta wa rangi ya chokoleti, wenye matawi na povu na kinyesi cha msitu mzima, unakuja bila kusimama kwa sababu haukuwa na wa kumwamkia. Mama mmoja akaachia mihogo yake akapanda ukingo kwa mikono na miguu. Muzee Saidi, kona ameipa mgongo, sikio lake zito la uzee, alikuwa anangoja habari ya shamba.

Ee Mungu wangu! Mdomo wangu ulikwisha kuanza "Muzuri". Naapa. Ulimi ulikuwa umekaa mahali pa "mu". Na nyuma ya "mu" kulikuwa na foleni nzima: muzuri tu, na kuvuta pumzi, na lakini. Mzee angekufa katikati ya lakini.

Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

"Toka hapo! Kimbia! Kimbia, we muzee!"

Muzee akabaki palepale.

"Unasema na nani hivyo?" Shangazi Mwamini alilia nyuma yangu. "Unasema na NANI?"

Nikachukua nyundo nikapiga rimu, nikapiga, huku natukana, sitayarudia niliyosema. Muzee Saidi uso ulimbadilika. Nilimwona akiikamata fimbo kwa mkono wote. Na akakimbia. Wallahi alikimbia kama kijana! Hakukimbia maji, maji hakuyaona. Alinikimbilia mimi, anipige.

Fimbo ya kwanza ilinishukia begani. Ya pili mgongoni. Ya tatu aliiinua, na nyuma yake pakatoka mlio kama mfupa wa tembo unavunjika, na magogo yote, na waya, na dua, yakaondoka.

Muzee aligeuka polepole. Pale alipokuwa amesimama akiuliza habari ya shamba, palikuwa na mti mzima na mizizi yake unapita, na juu yake kuku mmoja anashangaa.

Fimbo ikamwanguka. Akanikumbatia, kanzu nyeupe juu ya shati jeupe.

"Mutoto huyu," akawaambia watu waliokuwa wanakuja mbio, "amevunja adabu ju ya kuniokoa. Kijana mwingine angenijibu vizuri, ningekufa nimesalimiwa. Zaina ni wake!"

Wakanibeba juu! Mnaelewa? Mgongo unawaka kwa fimbo, nabebwa juu, na sikufungua mdomo.

Jioni ile mtu mmoja akauliza, basi vijisanduku vilisema nini? Shangazi Mwamini akajibu kwa moyo safi, "Vilisema muzuri tu. Mimi mwenyewe nilisoma." Ikawa imekwisha. Habari ikapita sokoni, ikapita kanisani na msikitini: mashini ya Feza ni ya uongo. Iliona maji yanakuja ikasema muzuri. Alitaka kutuua.

Feza alirudi kutoka Salamabila, akapanda mto peke yake akivifungua mitini. Vyote vilikuwa vimekufa, betri tupu. Akakaa kibandani kwangu, akaunga kimoja na kompyuta, akasoma maagizo yake yaliyokuwa yamekuwa maagizo yangu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, akipiga goti, "Habari ya shamba! Kijisanduku kiko na shamba!" Nami nikacheka pamoja naye, mpumbavu.

Halafu akaacha.

"Vilikuwa na adabu," akasema. "Nilikuambia. Viliheshimiana kwa kunyamaza."

"Nisamehe, Enjeniya. Utawaambia watu?"

"Mimi? Nikisema mimi, watasema ninatafuta mutu wa kumutwika. Ninangoja useme weye."

Amengoja. Daraja jipya limejengwa, la magogo tena, na alipoomba kuvirudisha vijisanduku, wakubwa wa hapa walimkatalia mbele ya watu, na mimi nilikuwepo, mkwe wa heshima, nimekaa kiti cha mbele. Amevitia katika gunia akavipeleka Kabambare. Mvua zinakaribia. Mto haumjui shujaa. Sasa akina mama wanasuuza mihogo wakiangalia kona kwa jicho moja, na siku watakapozungumza kidogo na kusahau kuangalia, itakuwa damu yangu.

Nilimweleza mke wangu. Zaina alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka pale pote mlipocheka, na pale pasipochekesha akaninyima chakula.

"Baba anasomewa gazeti hili kila linapofika," akasema. "Andika."

Basi nyinyi vijana mliopewa vitu vilivyotengenezwa na mtu aliyefikiri kwanza, sikieni! Kimya usichokielewa usikiite ukosefu wa adabu. Ukiguse kwa ruhusa, au usikiguse. Na ukiwa na habari ya maji, anza na maji.

Baba mkwe, najua Shangazi Mwamini ndiye anayekusomea, na sasa hivi sauti yake imebadilika. Ndiyo, ni mimi. Mwiteni Feza arudi kabla ya mvua, mmrudishie mto wake, vijisanduku vyake vikalale. Fimbo iko nyuma ya mlango wako, na kesho nitakuja kwa miguu.

Nimemaliza ile mbaya. Sasa: yambo, baba. Habari ya nyumba? Habari ya shamba?